Kazi Niliyoianza Uzeeni

Mwalimu akistaafu, watu humtazamia mambo mawili: ama atafuga, ama atafungua duka. Huku kwetu Shinyanga kufuga ndiko kunakotajwa kwanza, na mimi nisingekuwa mtu wa ajabu kama ningeishia kwenye ng'ombe, kwa kuwa nimezaliwa kati yao. Lakini, ndugu msomaji, nilifanya jambo la tatu, ambalo wenzangu wengi hawajalielewa hadi leo. Mwaka 2017, nikiwa na miaka 67, nilianza biashara ya kuhariri na kuchapisha vitabu vya watu ambao mchapishaji mkubwa asingewatazama mara mbili. Ofisi ni chumba cha mbele cha nyumba yangu. Wafanyakazi ni wawili, mimi na mjukuu wangu wa kike aliyesomea kompyuta. Jina la biashara silitaji, kwa sababu siandiki tangazo.

Chanzo chake ni msiba. Mke wangu alifariki mwaka 2015 baada ya kuugua miezi saba. Tulikuwa tumeoana mwaka 1974, mwaka ule ule wa Azimio la Musoma, na tangu hapo tulihamishwa shule hii na ile pamoja, yeye akifundisha darasa la kwanza kila alikokwenda, mimi nikiishia kuwa mwalimu mkuu. Matanga yalipoanuliwa na ndugu wakarudi makwao, nilibaki na nyumba ya vyumba vinne na redio. Wazee wenzangu walikuja jioni kunishauri nioe tena. Walinena kwa nia njema. Mmoja aliniita mjane, nami nikamsahihisha papo hapo kwamba mwanamume aliyefiwa na mke huitwa mgane. Wote wakanitazama kwa huruma, wakaona msiba umenipanda kichwani. Neno hilo limo katika kamusi, lakini sijapata kumsikia mtu akilitumia sokoni wala msibani. Nadhani wanaume wa kale walioa upesi mno hata neno likakosa kazi.

Katika sanduku lake la nguo tulikuta daftari kubwa sita, zile tunazoziita kaunta buku, zimefungwa kwa kanga. Nilijua kuwa alikuwa akiandika, kwani nilimwona jioni nyingi mezani na taa ya chemli. Nilidhani ni maandalio ya masomo. Kumbe kwa miaka zaidi ya thelathini alikuwa akiandika yale ambayo watoto wa darasa la kwanza humwambia mwalimu wao.

Ye yote aliyefundisha Usukumani anajua kazi ile. Mtoto huja shuleni na miaka saba, Kiswahili chake ni salamu na jina la sukari, na mwalimu anatakiwa amfundishe kusoma kwa lugha ambayo bado hajaijua. Mke wangu alikuwa ameandika njia zote alizozijaribu. Kwa mfano, watoto walikuwa wakichanganya herufi b na d, kama watoto wote duniani. Siku moja mtoto mmoja wa kike alimweleza kwamba haziwezi kuchanganywa, kwa maana zote mbili ni mama anayetembea kuelekea mwisho wa mstari. B ana mimba, tumbo liko mbele, na d amebeba mtoto mgongoni. Tangu siku hiyo mke wangu alifundisha hivyo, na chini ya habari ile ameandika: "Haka katoto kamenishinda mimi niliyesomea."

Nilikaa na daftari hizo mezani, na mkononi nina kalamu nyekundu, kwa mazoea ya miaka 38. Kiswahili sanifu hakisemi "haka katoto". Kitabu cha sarufi kitakuambia useme "hiki kitoto" au "mtoto huyu mdogo". Lakini sisi watu wa Kanda ya Ziwa tunajua kwamba "kitoto" kina dharau ndani yake, na "mtoto mdogo" ni maneno ya daktari au ya karani wa sensa. "Katoto" ni mtoto unayempenda. Kiambishi hicho kimetoka katika Kisukuma na ndugu zake, kikavuka kikaingia katika Kiswahili chetu, na hakuna kingine cha kukaa mahali pake. Nikafumba kalamu. Niliona wazi kwamba katika kila mstari ambao ningesahihisha, yeye angetoka na mimi ningeingia. Na mimi nilikuwa tayari nimebaki peke yangu vya kutosha.

Hapo ndipo nilipoanza kufikiri juu ya kazi ya uhariri, nami sikuwa mgeni kabisa nayo. Nilipotoka Chuo cha Ualimu Butimba, pale Mwanza, nilianza kazi mwaka 1972, wakati ambapo mikoa yetu ya Ziwa ilikuwa ndiyo kwanza imetoka katika mradi wa majaribio wa UNESCO wa kisomo chenye manufaa kwa watu wazima. Jioni tulifundisha wazee kusoma kwa vitabu vya pamba, ng'ombe na samaki. Mwaka 1974 Mwanza likaanza gazeti la vijijini lililoitwa Elimu Haina Mwisho, kwa ajili ya wale waliokwisha kujua kusoma wasije wakasahau. Nimemwona mzee wa miaka sitini akisoma gazeti kwa kidole chini ya mti wa mkwaju, na watu kumi wamemzunguka. Usomaji ule ulikuwepo. Kilichokosekana, na hili ni wazo langu mwenyewe, ni watu wa huku kuandika vitabu vya kuwasomesha majirani zao. Tulipewa kusoma tukashukuru. Kuandika tukawaachia watu wa Dar es Salaam.

Si kweli, hata hivyo, kwamba Ziwa halikuwa na mwandishi. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyezaliwa mwaka 1896, alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mke na mume waliokosa mtoto, na mahangaiko yao hadi wakampata. Yeye na mkewe Anna walijua habari hiyo kuliko msomaji ye yote, kwa sababu watoto wao wote walifariki wangali wadogo. Hakuna aliyekubali kuchapisha kitabu kirefu namna ile katika lugha ya kisiwa. Miaka ikapita. Uzeeni, kwa kutiwa moyo na wageni wawili wa Kimarekani, mtu na mkewe waliokuwa wakichunguza historia ya Ukerewe, aliketi akakitafsiri kitabu chote kwa Kiswahili yeye mwenyewe. Tanzania Publishing House ilikitoa mwaka 1980 katika juzuu mbili, vilivyopigwa chapa China. Kitereza alifariki mwaka 1981, kabla nakala hazijamfikia mkononi. Miaka 35 ya kungoja, na mkono haukukishika kitabu. Baadaye, mwaka 2002, Gabriel Ruhumbika, naye mtu wa Ukerewe, alikitolea tafsiri ya Kiingereza kupitia Mkuki na Nyota, na sasa wataalamu wa mbali wanakijua.

Nimeisimulia habari hiyo kwa wateja wangu mara nyingi kuliko nyingine yo yote. Mzee akija na mswada akisema atarudi mwakani akiisha kuuza mpunga, humwambia juu ya Kitereza. Wengine hucheka. Wengine hutoa nusu ya malipo siku hiyo hiyo.

Niliamua kuanza. Mwanangu wa kwanza aliniuliza kama nimefanya hesabu. Nikamjibu kwamba nimefanya, na kwamba hesabu haikunipendeza. Hata hivyo mafao yangu yalikuwa yamebaki kidogo, na ng'ombe niliokuwa nao sita niliwauza wanne, nikanunua kompyuta na mashine ndogo ya kutoa prufu. Jina la biashara nikalisajili BRELA, nikachukua namba ya mlipakodi na leseni ya halmashauri. Ofisa wa leseni aliitazama fomu yangu kwa muda mrefu, akauliza: "Mzee, hii ni steshenari?" Nikamwambia hapana. Akauliza kama ni uchapaji. Nikasema hapana tena. Hapo nilipata darasa la kwanza la biashara yangu, nikamweleza: mchapaji ni mwenye mashine, anayetia wino kwenye karatasi, mchapishaji ni yule anayechukua mswada, akauhariri, akaupanga, akaulipia chapa, akaubeba hadi kwa msomaji. Mchapaji hulipwa hata kama kitabu ni kibovu. Mchapishaji hulala njaa na kitabu chake. Ofisa akanielewa vizuri, akaandika steshenari.

Wala sikuwa wa kwanza nchini kufanya hivi. Ben Mtobwa, aliyeandika riwaya zilizosomwa hata ndani ya mabasi, alikuwa na kampuni yake ya Heko, akajichapishia mwenyewe na akawachapishia wengine. Tofauti yetu ni kwamba yeye alikuwa na wasomaji nchi nzima. Wateja wangu wana wasomaji mia mbili, na wengi wao ni shemeji zao.

Mambo ya kazi yenyewe sitayarefusha. Tunapokea mswada, mara nyingi umeandikwa kwa mkono. Mjukuu anauingiza katika kompyuta kama ulivyo, na makosa yote. Mimi nausoma mara ya kwanza bila kalamu. Hiyo ni sheria. Mara ya pili naweka alama za maswali, kisha namwita mwandishi aketi mbele yangu tuvuke ukurasa kwa ukurasa. Namba ya kitabu, ile ndefu iliyo nyuma ya jalada, tunaiomba Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Ndiyo unayoiona ikianza na 978 kisha 9976 au 9987 katika vitabu vyetu vingi. Haki zote hubaki kwa mwandishi. Sisi hulipwa kazi yetu, basi. Chapa hupigwa Mwanza, na huko nimekutana na mengi: mchapaji mmoja alinirudishia nakala 150 ambazo ukurasa wa 33 ulifuatwa na wa 48, akaapa kwamba ndivyo nilivyompelekea. Nilimwonyesha prufu yenye sahihi yake. Akachapa upya, na tangu hapo hanisalimii.

Wateja wa mwanzo walikuwa walimu wastaafu, wachungaji, na jamaa waliotaka kijitabu cha kumbukumbu ya mzazi. Nilitazamia kuletewa mashairi. Niliyoyapata kwa wingi ni habari za waliokufa. Mama mmoja wa Kishapu alileta maisha ya mama yake mzazi, mganga wa mitishamba, kurasa 40. Mzee mmoja wa Maswa alileta orodha ya wachezaji wote wa kikundi chake cha ngoma, Wagalu, tangu miaka ya 50, na maneno machache juu ya kila mmoja. Nafikiri mtu aliyefiwa hutambua kwa harufu nyumba ya mwenziwe aliyefiwa. Walipokuwa wakinieleza habari zao hawakuniuliza yangu, ila waliiona picha ukutani.

Mswada ulionisumbua kuliko yote ulikuja mwaka 2019 kutoka Geita. Aliyeuleta alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mchimbaji mdogo, ambaye baba yake alihama Shinyanga kufuata dhahabu kama walivyofanya Wasukuma wengi. Dhahabu ya Geita si habari ya jana. Mgodi wa zamani ulianza enzi za Waingereza katika miaka ya 30 na ukafungwa mwaka 1966. Ule mkubwa wa sasa ukafunguliwa mwaka 2000. Lakini kati ya mgodi mkubwa na mgodi mkubwa wako maelfu ya watu wa maduara, yaani mashimo yanayochimbwa kwa nyundo na tindo, wakishuka kwa kamba, na kuta zake huzuiliwa kwa magogo wanayoyaita matimba. Ndugu yangu yule alikuwa mmoja wao. Alikuwa na daftari tatu za shule ndani ya mfuko wa plastiki, na vumbi lake jekundu bado linaonekana katika zulia langu.

Aliandika juu ya mdogo wake, aliyefukiwa na duara pamoja na wenzake wanne. Kijiji sikitaji wala mwaka, kwa sababu utakazozielewa. Alieleza kila kitu kwa utulivu wa mtu anayehesabu mifuko: namna mawe yanavyosagwa kwenye karasha, yanavyooshwa kwenye mwalo juu ya ubao wenye magunia, namna zebaki inavyokusanya chembe na kuchomwa mpaka ibaki dhahabu kama punje ya mtama; nani hupata mgawo gani; na mwisho, namna ambavyo matimba ya duara lile yalikuwa yameoza tangu masika na wenye kazi walisema yabadilishwe.

Katika kusahihisha tulifika mahali alipoandika, "Saa tisa duara likakaa." Nikamuuliza kama alitaka kusema liliporomoka.

"Hapana, Mwalimu," akasema. "Haliporomoki. Linakaa. Kama mtu aliyechoka."

Nikarudisha kifuniko cha kalamu. Nilikumbuka katoto.

Basi tukaendelea vizuri, hadi wiki moja baadaye alipokuja ofisini bwana mmoja ambaye sikumjua, amevaa vizuri, ana adabu, akaniamkia "Shikamoo, Mwalimu" kwa heshima zote. Alikuwa na hisa katika duara lile. Habari za kitabu zilikuwa zimemfikia, na hilo halikunishangaza, maana machimboni hakuna siri isipokuwa mahali penye dhahabu. Alisema yeye hapingi kitabu. Kinyume chake, yuko tayari kulipia nakala 500, jalada la rangi, na usafiri. Aliomba jambo moja dogo, ile sura ya matimba iondolewe. Alilitaja neno "dogo" mara tatu.

Nitakuwa mkweli juu ya hesabu. Kitabu kile kilikuwa cha kurasa 96, nusu ya karatasi ya A4. Bei niliyopewa Mwanza ilikuwa shilingi 4,500 kwa nakala moja tukichapa 200, yaani shilingi 900,000, na mwandishi alikuwa amefikisha laki tatu na nusu. Kwa nakala 500 bei ingeshuka. Mwaka ule biashara yangu ilikuwa na miezi miwili bila mteja mpya, na mjukuu sikuwa nimemlipa mwezi uliotangulia. Nilimwambia yule bwana kwamba kitabu si changu, nikamwambia tena kwamba ningempelekea mwenyewe ujumbe wake bila kuupunguza wala kuuongeza. Ndivyo nilivyofanya. Siku ile sikuwa na ushujaa wo wote wa kusimulia. Nilifuata mkataba, ambao nilikuwa nimeuandika mwenyewe, unaosema kwamba mwandishi ndiye mwenye neno la mwisho.

Niliona ni haki nimpelekee uso kwa uso. Nikapanda basi hadi Mwanza, nikavuka kwa kivuko cha Kigongo na Busisi, kwani daraja lile refu la kilometa 3 lilifunguliwa mwezi Juni 2025 na wakati ule lilikuwa halijaanza kujengwa. Nikashika njia ya Sengerema hadi Geita, na kutoka Geita nikapanda pikipiki upande wa Nyarugusu. Umri wangu na pikipiki zile havipatani, lakini nilifika.

Nilimkuta mwaloni. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akiosha mikono. Akaniuliza mimi ningefanyaje. Nikamjibu kwamba mimi nisingejua, kwa kuwa mimi silali katika kijiji kimoja na yule bwana. Hapo tukaketi juu ya magunia ya marudio tukaipitia sura ile upya, mstari kwa mstari, kwa swali moja tu: hili uliliona kwa macho, au uliambiwa? Aliloambiwa tukaliandika kwamba aliambiwa. Aliloliona likabaki. Jina la yule bwana likatoka, likawa "mwenye duara", na hilo nililishauri mimi, kwa sababu kitabu kilikuwa cha mdogo wake na sikutaka kigeuke kuwa kesi ya mtu mwingine. Matimba yakabaki yameoza.

Ilibaki habari ya majina ya wafu. Alitaka yote matano. Nikamwambia hapana budi aziendee familia na kuomba ridhaa. Nne zilikubali. Ya tano ilikataa: mjane alikuwa ameolewa tena, na watoto wa marehemu walikuwa wakilelewa na mume mpya aliyewachukua kama wake, hakutaka jambo lile lirudi mlangoni. Mwandishi alikasirika, akasema marehemu yule ndiye aliyekuwa rafiki yake kuliko wote. Tulibishana siku nzima. Mwishowe alikubali, kwa sharti kwamba hesabu ya watu isipungue. Kitabu cha kubanwa kwa pini katikati lazima kurasa zake zigawanyike kwa 4, na chetu kilikuwa kimekomea kurasa 94, hivyo mbili za mwisho zilikuwa tupu. Ukurasa mmoja wapo tukaweka majina manne, na katikati yao, mahali pa mtu wa tatu, mstari wenye nukta.

Fedha alizipata kwa kuuza dume lililokuwa kwa baba yake mkubwa, Old Shinyanga. Tulichapa nakala 200. Hakupeleka dukani hata moja, kwa kuwa duka la vitabu hutaka punguzo la theluthi na hulipa linapopenda. Aliuza shilingi 8,000 kila nakala, mwaloni, kwenye minada na msikitini na makanisani baada ya ibada, na katika miezi mitano zikaisha. Piga hesabu utaona alirudisha fedha ya dume na ikabaki ya kuchapa tena, na tulichapa tena. Yule bwana mwenye hisa alinunua nakala mbili. Najua kwa sababu alimtuma dereva wake kwangu, akalipa taslimu, akataka na risiti.

Mama wa marehemu hakujua kusoma. Mwandishi aliniambia kwamba walikisoma kwa sauti siku tatu mfululizo jioni, akitafsiri kwa Kisukuma alipoona mama amepotea, na walipofika kwenye ule mstari wa nukta, mama alilitamka jina lenyewe, halafu akamwambia aendelee.

Watu huniuliza kama kazi hii inalipa. Hulipa mjukuu, umeme, na dawa zangu za presha. Mwaka mzuri tumetoa vitabu tisa. Mwaka wa ugonjwa wa korona tulitoa viwili. Hainilipi kama ambavyo ng'ombe wale wanne wangenilipa, kwani wangekwisha kuwa ishirini, na mwanangu wa kwanza hunikumbusha kila Krismasi. Wala sitakudanganya kwamba huzuni iliondoka. Ila sasa asubuhi kuna mtu anayebisha hodi, na hunikuta nimekwisha kuvaa viatu.

Daftari za mke wangu zilikaa mpaka mwaka 2021. Nilitaka kwanza niwe nimejifunza kazi kwa vitabu vya wengine. Watoto wetu wote walikubali, na yule wa mwisho, ambaye ndiye mwalimu, alisimamia asiguse mtu Kiswahili cha mama. Tulichagua kurasa 80 kutoka daftari zote sita. Majina ya wanafunzi tuliyaondoa, maana wengine sasa ni watu wazima wenye vyeo. "Haka katoto" kamebaki, na "nilimuambia" pia. Katika dibaji niliandika aya moja tu, kueleza ni nani na alifundisha wapi. Tulichapa nakala 60: za familia, na zilizobaki kwa walimu wa darasa la kwanza watakaozihitaji, kwa bei ya chapa.

Mwaka jana, siku moja ya Septemba, alikuja binti mmoja mwalimu mpya, ajira ya kwanza, amepangiwa shule ya kijijini huko Kishapu. Alikuwa na nakala iliyochakaa aliyoazimwa na mwalimu mwenzake. Aliniambia darasa lake lina watoto 112, na kwamba sasa wote hata wale wa nyuma kabisa wanajua nani ana mimba na nani amebeba mtoto. Akaniuliza kwa heshima kama inawezekana huyo mama mwandishi afike siku moja shuleni kwao, wao wangemlipia nauli.

Nikamwonyesha picha ukutani, nikamweleza. Alikaa kimya akiitazama. Kisha akasema pole, akafungua pochi na kuhesabu noti, akasema walimu wenzake wamemtuma nakala saba.

Zilikuwa zimebaki sita.